Kibao cha Chapati

Mwalimu Kibwana alikuwa amekata shauri: leo angemwambia Mama Sikujua aachane na gitaa. Kila akibonyeza, nyuzi zilikwaruza tu.

"Lete vidole," alisema, maana kabla ya somo huwakagua wanafunzi wapya. Akavigusa. Vilikuwa vimeota sugu.

"Umefanyia wapi mazoezi, na gitaa huna?"

"Nimekaza nyaya kwenye kibao cha chapati, Mwalimu. Hazitoi sauti ya maana, ila vidole vinazoea."

Kibwana akayameza maneno yake, akampa gitaa lake. Mama Sikujua akabonyeza, akapiga. Sauti ikatoka safi, ikavuma mpaka ikaisha yenyewe.

"Nenda nalo nyumbani."

Mama Sikujua akavua kanga ya begani, akalifunga gitaa mgongoni, akatoka mlangoni ameinama, lisije likajigonga kichwa.