Sauti ya Shule

Sekela alipomaliza kidato cha nne alirudisha shuleni vitabu, godoro na sauti. Ndio utaratibu: mwanafunzi asiyeweza kusema huazimwa kifaa cha shingoni kinachomsemea, naye akihitimu, kifaa huvalishwa mwingine. "Huko uraiani utazoea tu," mwalimu alimwambia.

Sasa ni mwezi wa tatu yuko nyumbani, anamenya viazi na mama yake, ambaye bado husikilizia barabarani kama anayemngoja mtu. Leo sauti ile ile aliyokuwa akija nayo likizo ikasikika barabarani, shingoni mwa msichana mgeni aliyekuwa akitaniana na wenzake.

Mama akaangusha kisu, akakimbilia mlangoni uso umemchangamka. "Sekela! Mbona umechelewa hivyo, mwanangu?"

Nyuma yake, Sekela akagonga sufuria. Akagonga tena.

Mama hakugeuka.