Ute Uliogawanyika

Miaka hiyo kila nyumba ilitakiwa kutunza chupa ya maji ya moto yenye udongo na minyororo mirefu ya chembe za sukari zilizoungana, inayoteleza kama mlenda. Wataalamu waliamini kwamba ute wa namna hiyo ndio uliohifadhi uhai wa kwanza duniani. Uhai ukizuka chupani, sheria ilisema, wenye nyumba huwa wazazi wake, wala hawaruhusiwi kuuacha peke yake.

Tunu na mumewe Songoro, wakazi wa Singida, walikuwa wakifunga mizigo kwenda kumwona mjukuu wao wa kwanza, Tunu alipoona matone ndani ya ute.

"Baba Zaina, njoo utazame."

"Si mapovu hayo?"

"Mapovu hupasuka. Haya yanakua, kisha yanagawanyika."

Songoro alitupia jicho mlangoni. "Tuyamwage. Nani atajua?"

"Mimi na wewe."

Tunu akampigia simu binti yao. "Zaina mwanangu, mlete mtoto huku. Tumepata mgeni."

Zaina alicheka, akakubali. Tunu akaketi kando ya chupa, moyo umetulia, akiimba wimbo aliokuwa akimbembelezea Zaina utotoni.

Baada ya muda aliona matone yote yamesogea upande wake. Akahamia upande wa pili, akaendelea kuimba. Yakamfuata taratibu.

Tunu alicheka kwa furaha. Songoro hakucheka. Alirudi nyuma polepole, akaona machache yakijitenga na mengine na kumwelekea yeye.