Ncha ya Sindano

Sindano ya cherehani ilitoboa ukucha wa Biasha, ikakatika. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Khanga kuukuu tatu zenye pamba katikati ni nene, naye alizikandamiza kwa kidole badala ya kijiti.

"Mama, unatoka damu," mkamwana wake alisema, akiinama kumlaza mtoto kwenye upande wa mfarishi, tandiko hilo la khanga na pamba, uliotandazika mkekani, ili akalete maji. Kesho mtoto angetimiza arobaini, na mfarishi huo alishonewa yeye.

"Mshike. Usimlaze hapo."

Biasha alifungua kipande kilichobaki kwenye cherehani, akakipima na sindano mpya. Kilipungua urefu wa punje ya mchele. Akapapasa meza, akapapasa sakafu, kisha akaupapasa mfarishi wote kwa kiganja. Hakupata kitu. Lakini pamba huweza kuificha ncha hata miezi, mpaka ubavu wa mtoto uilalie.

Kilibaki kidole. Akakibinya kwa nguvu pale palipotoboka, na kitu kigumu kikamchoma kwa ndani hadi machozi yakamlengalenga.

"Alhamdulillahi," alisema. "Imo humu. Mlaze mtoto."