Ramani Isiyo na Kasoro

Siku hizi mipaka ya majimbo haisogezwi; wanasogezwa watu. Uchaguzi ukikaribia, mashine hubadilisha wapiga kura, mmoja wa upande huu kwa mmoja wa upande ule, mpaka kila jimbo liwe sawa kwa sawa. Kisha raia mmoja huokotwa kwa bahati nasibu aamue kama ramani ni ya haki. Safari hii zamu ilimwangukia Nambua.

Aliikagua kwenye kioo cha mashine tangu asubuhi mpaka macho yakamwuma. Hakuna upande uliopendelewa. Ila kati ya watakaopelekwa ng'ambo ya milima alikuwamo mumewe. Ramani zilizopita zilishamchukulia mama na dada. Hata hasira ilikuwa imekwisha.

"Umeona kasoro, Mama Senzia?" mume aliuliza, akimenya tangawizi.

"Ningeiona ningekaa kimya hivi? Wewe nawe, si uje upande wangu tu! Miaka yote unawachagua wale wapuuzi."

"Nikija huko watamchukua jirani, naye ana kichanga. Halafu wapuuzi ni hao wako."

Walicheka kidogo, wakachoka.

"Nikisema si ya haki, wataniuliza ni wapi."

"Basi usiwadanganye. Nitajipikia, mikono ninayo."

Nambua akabonyeza HAKI. Kioo kikamshukuru kwa uadilifu wake, kisha kikamwuliza kama mtu atakayeletwa badala ya Baba Senzia atatumia kitanda kilekile, au aje na chake.