Punje Zenye Mikia

Punje zilitoka kwenye mashine zikiwa na mikia. Nikaokota moja, bado ya moto, nikaipitishia kidole. Ilikuwa imepasukapasuka kama kisigino kikavu. Visu vya kukatia vilikuwa butu, na chakula cha samaki chenye nyufa hakielei. Kinamomonyoka na kuzama.

Mjomba, mwenye kiwanda, akaniinamia sikioni, maana mngurumo wa mashine ulimeza kila sauti.

"Ongeza mafuta. Zikishang'aa, nani ataona nyufa?"

"Mimi nimeshaziona, Mjomba."

"Mwanangu, nimekuweka hapa upitishe mzigo, si kunitia hasara. Samaki halalamiki."

Wenzangu walikuwa wakishona magunia, hawakusikia neno. Mara ya mwisho wafugaji wa samaki walipokuja juu kwa sababu ya chakula kibovu, Mjomba aliwatupia wenzangu hao lawama zote, nami nikatazama chini.

Nikabonyeza kitufe chekundu. Mashine ikakohoa, ikazima. Vichwa vyote vikageuka. Mjomba alikuwa bado ameniinamia, mdomo wazi.

Nikamshikisha ile punje.

"Haya, Mjomba, rudia," nikasema. "Sasa wanakusikia."