Jina Lililopita Kwenye Waya

Simu ilipoita saa nne kamili, mhudumu wa mapokezi hakuipokea.

"Ni yuleyule," alimwambia fundi wa mtandao. "Kila siku saa hizi. Nikisema haloo, anapumua tu, halafu anakata."

Duka lile la miwani lilikuwa na simu za intaneti za bei rahisi, zisizoonyesha namba ya mpigaji. Ndiyo maana fundi aliitwa. Alikuwa amechomeka kompyuta yake pale nyaya za simu zilipokutana, ili inase taarifa za kila simu inayoingia.

"Subiri, dada. Anayepiga hujitambulisha kabla hujapokea, hata kama mwenyewe hajui." Maandishi yalitiririka kwenye kioo, naye akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Namba ni ya mbali. Na jina alilojiandikisha ni Kijiko. Mtu mzima gani anajiita Kijiko?"

Mhudumu alishika ukingo wa meza. Jina hilo alilitunga yeye, akampa mdogo wake ambaye utotoni hakukubali kulala bila kijiko mkononi. Waligombana miaka sita iliyopita, mdogo mtu akaondoka bila kuaga.

Simu ilikuwa bado inaita. Akaipokea.

"Kijiko, usikate. Umekula?"

Kisha kicheko kikapasuka upande wa pili, kilekile cha puani.

"Dada, umejuaje?"

Mhudumu akaketi sakafuni na simu yake, machozi yakimtiririka, wateja wakimkodolea macho, akaanza kumweleza.