Kufuli Bila Mlango

Siku hiyo mjinga alikuwa Kibwana, na mwenyewe hakatai: alirudi nyumbani na kufuli jipya la funguo tatu, akakuta nyumba haina mlango.

Sheria aliijua. Ombi kwa Serikali huandikwa kwenye mlango wa mwombaji, na mlango haurudi mpaka ombi lijibiwe. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa ameung'oa asubuhi, akaandika waachiliwe wote waliokamatwa kwa kuuliza maswali mkutanoni, binti yao Zuhura akiwemo, akaupeleka Serikalini kwa mkokoteni.

"Mama Zuhura, tutalala wazi hivi? Wakija watu wabaya je?"

Mwanahawa aliendelea kuchambua mchele.

"Baba Zuhura, siku walipokuja kumchukua mwanao, mlango si ulikuwepo?"